Baiskeli ya umeme: aliyetoa ufunguo ni nani?



 Wiki hii safu yetu inayaweka kando kwa muda mazungumzo ya mirathi, kwa kuwa limetokea jambo mtaani kwetu ambalo sioni namna ya kulikalia kimya. Linahusu baiskeli za umeme, ambazo sasa zimekuwa nyingi vichochoroni mwetu, na linanihusu mimi mwenyewe kabla ya kumhusu mtu mwingine.

Usiku wa Ijumaa moja, baada ya sala ya Isha, bibi mmoja wa makamo ya mama yangu mzazi alikuwa akirejea kwake kupitia uchochoro ulio baina ya ukuta wa msikiti na jengo la madrasa. Ni bibi anayefahamika na kila mtoto wa mtaa huu, kwani ndiye anayetuuzia vitumbua kila alfajiri tutokapo msikitini. Alipofika kwenye kona, baiskeli ya umeme ilikata kona hiyo hiyo kutoka upande wa barabara kubwa. Haikupiga honi, na taa yake ilikuwa imezimwa ili kutunza chaji. Bibi aliangukia mkono wa kulia, na kifundo cha mkono kikavunjika.

Aliyekuwa akiiendesha ni mtoto wa marehemu kaka yangu, kijana wa miaka 14 anayesoma kidato cha pili, ambaye ninaishi naye nyumbani kwangu. Baiskeli ni yangu. Ufunguo nilimpa mimi, dakika kumi tu kabla ya tukio, kwa sababu kipaza sauti cha msikiti kilikuwa kikikoroma na nilihitaji waya mwingine ulioko nyumbani. Nakumbuka vizuri maneno niliyomwambia: "Fanya haraka, watu wasije wakatawanyika kabla ya tangazo." Kijana alifanya haraka, kama alivyoagizwa.

Nayaeleza haya bila kuyapunguza kwa sababu tangu siku ile nimewasikia watu wazima wengi, baadhi yao wakiwa waumini wa safu ya mbele, wakilaumu "vijana wa siku hizi" na "vyombo vya siku hizi". Hata mimi nilitamani kulaumu hivyo. Lakini chombo kilinunuliwa na mtu mzima, na ufunguo ulitoka mfukoni mwa mtu mzima.

Kabla ya hospitali tulipitia kituo cha polisi kuchukua PF3, kama inavyopasa kwa majeruhi wa ajali. Aliyetuandikia aliuliza swali ambalo lilinikuta sina jibu: "Chombo gani kilichomgonga? Niandike baiskeli au pikipiki?" Nilijibu baiskeli, kwa kuwa ndivyo tunavyoiita. Nilipofika nyumbani nikaiwashia tochi nikasoma kibandiko kilicho chini ya kiti: mota ya wati 800, kasi ya juu kilomita 45 kwa saa. Pedali zake ni pambo, kwani tangu niinunue sijazikanyaga hata mara moja. Niliona haya. Kwa miezi saba nilikuwa nikimiliki pikipiki ndogo, nikiipumbaza nafsi yangu kwa jina la baiskeli.

Na hapa ndipo penye mzizi wa mkanganyiko. Jina moja, "baiskeli ya umeme", linabeba vyombo vya aina tatu ambavyo havilingani hata kidogo. Cha kwanza ni baiskeli ya kweli, yenye mota ndogo inayomsaidia mwendeshaji anapokanyaga pedali. Akiacha kukanyaga, nayo huacha kumsaidia. Cha pili ni chombo chenye umbo la baiskeli lakini kinachokwenda kwa kuzungusha akseleta, na pedali zake hazina kazi. Cha tatu ni pikipiki kamili ya umeme, ambayo leo utaiona kwenye vijiwe vya bodaboda ikibeba abiria na mizigo. Anayepita njiani kwa miguu haulizi kibandiko kinasema nini. Yeye hukutana na uzito na kasi.

Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, na madaraja ya leseni ya pikipiki yamepangwa kwa ujazo wa injini, yaani zile cc tunazozisikia kila siku: cc 50, cc 125 na kuendelea. Mota ya umeme haina cc hata moja, kwa sababu haina silinda ya kuchomea mafuta. Nguvu yake hupimwa kwa wati. Kwa hiyo mwananchi anayetafuta cc kwenye chombo chake, akazikosa, hurukia haraka kwenye hitimisho linalompendeza: kwamba hana leseni ya kutafuta, wala bima ya kukata, wala kofia ngumu ya kuvaa. Hitimisho hilo halina msingi. Chombo kinachokwenda kwa nguvu ya mota na kinachoweza kufika kilomita 45 kwa saa kinamuumiza mtu sawasawa na kile chenye cc. Anayekusudia kununua na aende kwanza kwa mkuu wa usalama barabarani wa wilaya yake akiwa na maelezo ya chombo kwa maandishi, aulize kinahitaji nini, kabla ya kutoa fedha. Mimi nilitoa fedha kwanza.

Siku ya tatu nilikwenda kumjulia hali bibi yetu. Mkono ulikuwa umefungwa ile plasta ngumu ya hospitalini, na daktari alikuwa amemwambia asikande unga kwa wiki sita.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapo kwenye mkeka. Mtoto hajambo?"

Alianza kumuulizia mtoto. Nikamjibu kwamba hajambo ila hajala vizuri tangu siku ile. Akatikisa kichwa, akasema: "Mimi macho yangu yana ukungu, lakini masikio nashukuru bado yapo. Pikipiki ya mafuta naisikia ningali ndani kwangu. Gari nalisikia. Hicho chenu nilijua kipo nilipokuwa tayari chini."

Ndugu msomaji, sikupata somo la usalama barabarani lililo wazi kuliko hilo. Sisi tunaovisifu vyombo hivi husifu ukimya wake. Tunasema havipigi kelele watu wanapolala, havitoi moshi, na gharama ya kuvichaji kwa luku ni ndogo mno ukiilinganisha na petroli. Yote hayo ni kweli, na ni neema. Lakini ukimya huo huo unamnyang'anya mzee, mtoto na asiyeona silaha yao pekee njiani, nayo ni masikio. Maadamu chombo hakitoi onyo lenyewe, wajibu wa kutoa onyo unamhamia anayekiendesha.

Naomba tufanye hesabu ndogo, maana hesabu haina upendeleo. Chombo kinachokwenda kilomita 25 kwa saa, kasi ambayo vijana wetu wanaiona ya kinyonga, hupita takriban mita saba kila sekunde. Kikiwa kilomita 45 kwa saa, hupita mita 12 na nusu. Binadamu anahitaji kama sekunde moja hivi tangu aone kitu hadi mkono wake ubane breki. Nilikwenda kupima kona yetu kwa futi ya fundi: kutoka mahali mwendeshaji anapoanza kuona upande wa pili hadi ukutani ni mita sita. Maana yake ni kwamba hata kwa kilomita 25 kwa saa, mwendeshaji hodari mwenye breki nzuri na taa inayowaka atakuwa amekwisha kumfikia mtu kabla breki haijaanza kufanya kazi. Kwa njia kama hiyo ustadi hauokoi. Kinachookoa ni kwenda kwa mwendo wa mtu anayetembea, au kushuka na kusukuma.

Zaidi ya hayo, nguvu ya mgongano haiongezeki sawia na kasi. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu ya kuumiza huongezeka mara nne. Ndiyo sababu tofauti ya kilomita chache kwa saa, ambayo kwa kijana ni raha kidogo tu, kwa mfupa wa mtu mzima inaweza kuwa tofauti ya kuchubuka na kuvunjika.

Kamati ya msikiti ilikutana Jumapili. Mimi ni katibu, na kazi yangu ni kuandika kumbukumbu. Nilipofungua daftari kusoma kumbukumbu za kikao kilichopita nilikutana na mwandiko wangu mwenyewe: mama mmoja wa darasa la kina mama alikuwa amelalamikia baiskeli za umeme uchochoroni, nami nikaliweka lalamiko lake chini ya "Mengineyo", na kwa kuwa muda ulikuwa umekwisha, likaahirishwa. Wiki tatu baadaye bibi akavunjika mkono. Nililisoma hilo kwa sauti mbele ya wajumbe, kwa sababu kulificha kungekuwa khiyana.

Wajumbe waligawanyika. Mzee wetu mmoja, ambaye busara yake sina shaka nayo, alitaka vyombo hivyo visikanyage kabisa eneo la msikiti na uchochoro wake. Mjumbe kijana alisimama kuwatetea wenzake. "Mzee wangu," alisema, "vijana wanne katika jamaa hii wanalisha familia kwa vyombo hivi. Awali walikuwa wakimaliza nusu ya mapato kwenye petroli. Ukiwafukuza hapa, hujawaondoa njiani. Umewaondoa msikitini tu." Kikao kilinyamaza kwa muda. Wote wawili walikuwa na haki.

Kisha likaibuka la pili, ambalo wengi hatukuwa tukilijua. Wale vijana wanne walikuwa wakichaji betri zao katika stoo iliyo nyuma ya mahali pa kutawadhia, kwa idhini ya mdomo ya mmoja wetu. Tulisimamisha kikao tukaenda kutazama. Tulikuta betri nne zimeunganishwa kwenye soketi moja ya kurefushia waya, zimewekwa juu ya mikeka ya zamani iliyokunjwa, kando ya mlango ambao ndio mlango pekee wa stoo hiyo. Betri moja ilikuwa imevimba ubavuni. Nyuma ya ukuta huo huo ndipo watoto wa madrasa hukaa jioni.

Yafaa tuelewe kwa nini jambo hili si dogo. Betri nyingi za vyombo hivi ni za lithiamu, nazo ni mkusanyiko wa seli ndogo nyingi zilizofungwa pamoja. Seli moja ikiharibika, kwa kuanguka, kwa maji, kwa chaja isiyo yake au kwa kuunganishwa ovyo na fundi, inaweza kupata joto kupita kiasi. Joto hilo huivamia seli jirani, nayo ikaivamia nyingine, mpaka betri nzima ikalipuka moto ndani ya muda mfupi sana. Moto huo hutoa gesi zenye sumu, na unaweza kuwaka upya hata baada ya kudhaniwa umezimika. Dalili za kutahadhari ni kuvimba, joto lisilo la kawaida, harufu ya dawa kali, sauti ya kuzomea, au kuvuja. Betri yenye dalili mojawapo ya hizo isichajiwe tena wala isihifadhiwe ndani ya nyumba.

Wenzetu waliotangulia kuvitumia vyombo hivi kwa wingi wamelipia elimu hiyo kwa roho za watu. Katika jiji la New York, ambako wahamiaji wengi, Waislamu wakiwamo, huishi kwa kupeleka vyakula majumbani kwa baiskeli za umeme, watu 18 walifariki mwaka 2023 pekee kwa mioto iliyotokana na betri za lithiamu. Wengi wa waendeshaji hao walikuwa wakichaji betri usiku katika vyumba vya kupanga, kwa kuwa hawakuwa na mahali pengine. Mwaka huo huo jiji lilianza kutekeleza sheria inayozuia kuuza baiskeli au betri ambayo haijathibitishwa kukidhi viwango vya usalama. Lakini halikuishia kwenye katazo. Mwaka 2024 likaanza majaribio ya vituo vya umma ambako wapeleka vyakula wangeweza kuchaji nje ya nyumba zao. Na Oktoba 2025 likaweka kikomo cha kasi kwa baiskeli za umeme, maili 15 kwa saa, yaani kama kilomita 24.

Uingereza nayo imeweka mpaka unaoeleweka hata na mtoto. Baiskeli ya umeme yenye pedali zinazofanya kazi, mota isiyozidi wati 250, na msaada wa mota unaokatika mwendo ufikapo takriban kilomita 25 kwa saa, huhesabiwa baiskeli, na mtu wa miaka 14 na kuendelea anaruhusiwa kuipanda bila leseni. Ikizidi hapo, inageuka kuwa chombo cha moto: leseni, usajili, bima na kofia ngumu. Nilipojua hilo nilitazama tena kibandiko cha wati 800. Hata katika nchi hiyo inayomruhusu kijana wa miaka 14, kijana wangu asingeruhusiwa kupanda chombo nilichomkabidhi.

Karibu nasi, Rwanda imechukua mwelekeo wa kuvihamasisha vyombo hivi: tangu Januari 2025 pikipiki mpya za abiria zinazosajiliwa jijini Kigali zinapaswa kuwa za umeme. Kwa hiyo anayedhani kwamba vyombo hivi ni upepo utakaopita anajidanganya. Vinakuja, na vitaongezeka. Swali lililobaki ni kama vitatukuta tumekwisha kupatana juu ya adabu zake, au vitatukuta tunachukua PF3.

Ndugu zangu, kwetu sisi suala la njia halikuanza na lami. Katika mafundisho ya Mtume (SAW) njia ina haki zake juu ya anayeitumia, na kuondoa njiani kitu kinachoudhi watu kumehesabiwa kuwa sehemu ya imani. Ikiwa kuondoa mwiba ni imani, basi tujiulize kuuleta kwa mikono yetu ni nini. Na wanazuoni wetu wanapozungumzia dhamana, hawaishii kuuliza nani alikusudia. Kutokukusudia kunaondoa dhambi ya kukusudia, lakini hakumwondolei aliyesababisha wajibu wa kufidia. Kwa hiyo neno "bahati mbaya", ambalo niliambiwa na watu wema wakitaka kunifariji, halikunitosha.

Kikao kile kilimalizika saa sita usiku, na maazimio yake nayaweka hapa ili kamati nyingine zinazosoma safu hii ziyapime, ziyachukue au ziyarekebishe kulingana na mazingira yao.

Kwanza, ndani ya uzio wa msikiti na katika uchochoro wa madrasa, kila chombo cha umeme kinasukumwa kwa mkono. Hakuna anayepanda, awe mjumbe wa kamati au mgeni. Bango limeandikwa, na mmoja wa vijana wenye vyombo ndiye aliyelichora.

Pili, katika vichochoro vingine vya mtaa, mwendo uwe wa mtu anayetembea, taa iwake tangu Magharibi, na kengele au honi ipigwe kabla ya kila kona.

Tatu, asiyefikia umri wa leseni asikabidhiwe chombo kinachokwenda kwa akseleta, hata kwa kutumwa dukani, na hata kwa shughuli ya msikiti. Maneno hayo ya mwisho niliyaomba mimi yaandikwe.

Nne, hakuna kuchaji betri ndani ya jengo la msikiti wala la madrasa. Badala yake kamati imejenga kibanda cha matofali chenye paa la bati mbali na majengo, chenye soketi nne zilizofungwa na fundi umeme mwenye leseni, swichi ya kukata umeme wote kwa mara moja, na luku yake yenyewe inayolipiwa na watumiaji. Betri zinachajiwa mchana, mwenyewe akiwa karibu, kwa chaja iliyokuja na chombo. Usiku kibanda kinafungwa.

Tano, betri iliyovimba au iliyoanguka haiingii kibandani. Na namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, 114, imeandikwa ukutani kwa herufi kubwa.

Sita, anayemdhuru mtu atagharimia matibabu na kipato kilichopotea, na kama ni mtoto, atagharimia aliyempa ufunguo.

Niseme wazi kwamba kamati ya msikiti haina mamlaka ya kutunga sheria za barabara, wala haipaswi kujipa mamlaka hayo. Azimio la kwanza na la nne ni la eneo letu, nasi tunaweza kulisimamia. Lile la pili tumelipeleka kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa ili lijadiliwe kwenye mkutano wa wananchi, kwa sababu vichochoro ni vya watu wote, wanaosali pamoja nasi na wasiosali pamoja nasi. Wananchi wakiafiki, pendekezo litakwenda kwenye kamati ya maendeleo ya kata na kwa diwani. Halmashauri za miji zimepewa na sheria ya mwaka 1982 uwezo wa kutunga sheria ndogo, ambazo hupitishwa na baraza la madiwani na kuidhinishwa na Waziri mwenye dhamana. Njia hiyo ni ndefu, lakini ndiyo njia halali, na huanza na mtu kuhudhuria mkutano wa mtaa badala ya kulalamika barazani. Kina mama wa darasa letu wameahidi kuhudhuria wote, na safari hii lalamiko lao halitawekwa kwenye "Mengineyo".

Kwa kuwa ukurasa huu ni wa familia, naomba niwaelekee wazazi na walezi kwa machache. Kabla ya kununua, soma wati na kasi ya juu, usisome rangi. Kama ni kwa ajili ya mtoto anayekwenda shule, tafuta ile inayohitaji kukanyagwa, na hakikisha kofia ngumu imenunuliwa siku ile ile pamoja na chombo. Usiruhusu fundi akiondoe kidhibiti cha kasi kwa ahadi ya kukifanya "kiruke". Nyumbani, usichaji wakati watu wamelala, wala kwenye korido au mlangoni, kwa kuwa moto ukianza hapo unakuwa umewafungia njia ya kutokea. Usiweke betri juu ya godoro, kochi au zulia, wala chini ya kitanda. Na iliyonyeshewa mvua isichajiwe mpaka ikaguliwe na fundi anayeielewa.

La mwisho kwa wazazi ni funguo. Tumezoea kuzitundika msumarini karibu na mlango, kila mtu achukue. Sasa wangu unakaa mfukoni mwangu. Kijana alipouona msumari mtupu hakuuliza, nami sikumweleza mara moja. Baadaye tuliketi tukazungumza. Nilimwomba radhi kwa kumtwisha jukumu la mtu mzima, naye akaomba radhi kwa taa aliyoizima. Sikumwambia kwamba kosa lote ni langu, maana hiyo nayo ingekuwa kumdanganya: kuzima taa kulikuwa uamuzi wake. Lakini nilimwonyesha ni lipi lake na lipi langu.

Gharama za hospitali nimezilipa. Fedha ambazo bibi angezipata kwa vitumbua katika wiki hizo sita tulikadiria mbele ya mjumbe wa mtaa, nami nampelekea kila Alhamisi. Alizikataa mara ya kwanza. Nilimwambia si sadaka, ni haki yake, akazipokea. Kijana naye huamka kabla ya Alfajiri kumtekea maji na kumwashia jiko, na binti wa bibi ndiye anayechoma vitumbua kwa sasa. Havijafikia vya mama yake, na bibi mwenyewe halifichi hilo.

Si kila jambo limekwisha vizuri. Kati ya wale vijana wanne, mmoja hakuridhika na kibanda. Anasema kuchaji mchana kunampotezea saa za kazi, na tangu hapo hasali kwetu. Betri iliyovimba ilikuwa yake, na hana fedha za kununua nyingine. Kamati imenituma nimfuate nyumbani nikazungumze naye juu ya mkopo mdogo kutoka mfuko wetu wa kusaidiana. Nitakwenda Jumamosi, in shaa Allah, na nitakwenda kwa miguu.

Bibi yetu naye bado hupita uchochoro ule kila siku kwenda kumwangalia binti yake kibandani. Akifika kwenye kona husimama, akashika ukuta kwa mkono wa kushoto, akasikiliza. Kisha ndipo avuke. Kabla ya siku ile hakuwa akisimama.

Wabillaahi tawfiiq.